Kijana Apendaye Milima Ahamie Wapi?

Askari hachagui mahali pa kukaa. Amri ikija leo kwamba kesho awe Moroto, kesho jioni atatandika kitanda chake Moroto. Na ikija nyingine kwamba arudi Masaka, atafunga virago vyake na kurudi Masaka. Ndiyo kazi mliyoiapia, ndugu wasomaji, na mnaifanya bila manung'uniko. Lakini watoto wenu, waliozaliwa kambini na kulelewa kwa mlio wa tarumbeta, wakiisha kuhitimu chuo hakuna awapaye amri ya uhamisho. Nchi nzima i wazi mbele yao, na uwazi huo ndio unaowatia mashakani.

Jambo hili tuliletewa na sajini mmoja wa polisi ambaye amebakiza muda mfupi kazini. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Binti yake wa pili amepata shahada ya uhasibu. Alipokuwa mdogo baba yake alitumwa Kasese, kisha Kapchorwa, na mtoto akazoea kuamka akiona mlima. Chuoni, wenzake walipokwenda sinema, yeye alikwenda kupanda vilima. Sasa amesema wazi kwamba hataki kukaa Kampala kutafuta kazi za ofisini. Ataka kuhamia mahali penye milima, mito na hewa safi. Tena ameona kiwanja cha bei rahisi katika bonde la mto Nyamwamba, huko Kasese, na amemwomba baba yake amnunulie kwa fedha za kiinua mgongo.

"Bwana mwandishi," sajini alituambia, "mimi nimelala porini miaka thelathini kwa amri. Huyu ataka kulala porini kwa hiari yake. Nimwambieje?"

Tulicheka pamoja naye, lakini twajua kwamba moyoni hakuwa akicheka. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Kikipotea, hakuna mshahara wa mwezi ujao wa kukifidia.

Mapenzi ya mlima si uhuni

Kwanza twapenda kusema na wazazi. Wengi wenu mmetaabika kulipa karo ili mtoto akae kwenye kiti mjini, na akitaja mlima mwaona kana kwamba elimu imepotea bure. Sisi hatuoni hivyo. Milima ya nchi hii imeleta heshima na mkate pia. Stephen Kiprotich, askari wa Magereza aliyepata nishani ya dhahabu ya mbio za marathoni London mwaka 2012, ni mtoto wa miteremko ya mlima Elgon. Joshua Cheptegei, askari wa Polisi, naye ni wa Kapchorwa; alishinda mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na za mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Mapafu yale hayakujengwa kwenye kiti.

Hata hivyo mapenzi peke yake hayajengi nyumba. Nanyi askari mna elimu ambayo vyuo havifundishi: mnajua kuchagua mahali pa kupiga kambi. Kamanda mwenye akili haweki kambi kwa sababu mahali panapendeza. Hupeleka wapelelezi kwanza. Huuliza: maji ya kunywa yatoka wapi, na mvua ikinyesha maji yaenda wapi? Chakula kitapatikanaje? Njia ya kuingia na ya kutoka ni ipi? Majeruhi atapelekwa wapi usiku? Na wenyeji wa hapa ni watu gani, nao wasemaje juu ya mahali pao? Akiisha kujibiwa yote hayo, ndipo atazame mandhari.

Tulimshauri sajini asimkatalie binti yake, wala asimkubalie, bali wafanye upelelezi. Alituomba tufuatane nao. Tukafuatana.

Mawe ya Nyamwamba

Tulikwenda mwezi wa Mei, wakati wa mvua, kwa makusudi. Mtu akiona mahali katika kiangazi ameona nusu yake tu. Tulikaa Kasese siku tatu, na kwa siku zote tatu mlima Rwenzori ulijifunika mawingu. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, cha tatu kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya, hatukukiona hata mara moja. Binti aliyetaka nyumba ya kuitazamia theluji hakuiona theluji. Wenyeji walimwambia kwamba ndivyo ulivyo mlima ule majira ya mvua, na kwamba barafu yenyewe inazidi kupungua mwaka hadi mwaka.

Kiwanja tulikikuta kando ya mto. Ni kweli kilikuwa kizuri: nyasi za kijani, sauti ya maji, na upepo wa baridi kutoka juu. Lakini katikati yake na pande zote yalikuwapo mawe makubwa, mengine makubwa kama jiko la nje, laini kama yaliyosuguliwa. Mwenye kiwanja alisema kwamba mawe ni faida, kwani yatafaa kwa msingi.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akipalilia shamba lake la mihogo upande wa juu alitusikia. Alishuka polepole na jembe lake, akamwamkia sajini, kisha akasema, "Afande, mawe haya hayakuzaliwa hapa. Yaliletwa."

Akatueleza. Mwanzoni mwa Mei mwaka 2013 mvua kubwa ilinyesha mlimani, na mto ule, ambao siku nyingine mtoto huuvuka kwa miguu, ulishuka na miti na mawe ukabomoa nyumba, madaraja na barabara, ukaipiga na hospitali ya Kilembe. Watu walijenga upya. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mto ulirudi tena, na hospitali ile ikapigwa mara ya pili. Mama yule alinyosha kidole katikati ya maji. "Pale," alisema, "ndipo kilipokuwa chumba cha mwanangu."

Sajini hakusema neno. Alisimama penye ukingo wa maji akahesabu hatua zake hadi pale mwenye kiwanja aliposema nyumba ingejengwa. Zilikuwa hatua 22. Sheria ya mazingira ya nchi hii haimruhusu mtu kujenga ukingoni mwa mto kiasi hicho. Na hata kama sheria isingekuwapo, mawe yalikuwa yametoa ushahidi wao. Tulielewa pia kwa nini bei ilikuwa rahisi.

Binti alimtazama baba yake, akasema, "Baba, kiwanja hiki tukiache." Kisha, tulipokuwa tukirudi mjini, akaongeza, "Lakini nimekosea kiwanja, sijaukosea mlima."

Baba yake hakumkaripia. Jioni ile tuliketi nao kwenye mkahawa mdogo, tukafungua ramani ya Uganda juu ya meza, tukaanza kupima mahali pengine palipotajwa na binti.

Mahali panne juu ya ramani

Tulianza na Jinja. Wengi wenu mnaijua kwa kambi na vyuo vyake vya kijeshi. Kijana apendaye maji atavutwa na Naili, mto ambao Mwingereza John Hanning Speke aliuona ukitoka ziwani mwaka 1862. Ni karibu na Kampala, kiasi cha kilometa 80, na pana viwanda, hospitali na shule. Tangu miaka ya 1990 wageni wamekuja kushuka maji ya kasi katika mashua za mpira, na vijana wetu wengi wamejifunza kazi hiyo. Lakini maporomoko ya Bujagali, yaliyokuwa fahari ya kazi ile, leo yamo chini ya maji ya bwawa la umeme lililomalizika mwaka 2012. Mashua zilihamia chini zaidi. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunguliwa, na sehemu nyingine ya maji ya kasi ikafunikwa. Hatusemi kwamba umeme haufai. Hospitali na viwanda vyahitaji umeme. Twasema kwamba ahamiaye mahali kwa ajili ya kitu kimoja aulize kwanza kitu hicho kimepangiwa nini. Na aogeleaye ziwani au mtoni asisahau kichocho.

Tukaenda mashariki, Mbale na Kapchorwa, chini ya mlima Elgon. Kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Kuna maporomoko ya Sipi, kahawa bora ya arabika, na vyama vya ushirika ambavyo, kama ujuavyo, havikosi kuhitaji mtu wa kuandika hesabu kwa uaminifu. Kwa binti mhasibu hapo palikuwa na mvuto mkubwa. Lakini udongo wa miteremko ile, ulio mzuri kwa kahawa, huteleza ukishiba maji. Mwezi wa Machi mwaka 2010 kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, kilifunikwa na udongo pamoja na watu wake, na baadhi ya waliosalia walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima wao. Bududa ilipigwa tena Oktoba 2018. Mji wa Mbale ulipata mafuriko mwishoni mwa Julai 2022, na Bulambuli maporomoko ya udongo mwezi wa Novemba 2024. Wako kati yenu waliochimba kwa majembe kuwatafuta wenzao katika matope hayo. Hatuna haja ya kuwaeleza. Mtu aweza kuishi salama katika nchi ile nzuri, lakini achague uwanda au mgongo wa kilima uliotulia, wala asijenge chini ya mteremko mkali uliokatwa miti.

Kisha Karamoja. Binti aliitaja Kidepo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1962, ambako mtu huona nyati kwa mamia na upeo wa macho usio na mwisho. Sajini alikohoa kidogo, kwani amewahi kutumikia huko. Alimwambia binti yake kwamba pale maji huhesabiwa kwa madumu, na kwamba safari ya kwenda hospitali kubwa si ya kuamuliwa saa nane usiku. Sisi tuliongeza kwamba mahali kama pale pamfaa sana kijana ambaye kazi yake yenyewe ni wanyama na misitu. Kijana wa namna hiyo aombe nafasi katika Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996, au asome kwanza katika chuo cha wanyamapori cha Katwe, huko Kasese, au cha Mweka, Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Askari wa wanyamapori hufunzwa nidhamu na kwata kama ninyi, na mtoto wa kambini ataanza akiwa ameshazoea.

Mwisho tukaweka kidole juu ya Fort Portal. Mji huu, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Julai 2020, uko juu, una baridi ya kupendeza, na barabara ya lami yautoa Kampala hadi huko. Pana mashamba na viwanda vya chai, mabenki, ofisi za Serikali, hospitali na chuo kikuu. Maziwa madogo ya kreta yako karibu, na msitu wa Kibale wenye aina 13 za jamii ya kima na nyani, wakiwamo sokwe. Kutoka hapo hadi Kasese ni kiasi cha kilometa 75 za lami: mtu afanyaye kazi hadi Ijumaa aweza kulala chini ya Rwenzori usiku uo huo. Je, hapana dosari? Ipo. Nchi ya Toro hutikisika. Tetemeko la mwaka 1966 liliua watu wengi, na jingine kubwa likaja mwaka 1994. Basi huko nyumba ijengwe kwa nondo na mkanda wa zege, si kwa tofali na matumaini.

Mkate usitegemee mgeni peke yake

Palikuwa na swali moja lililobaki, nalo ndilo kubwa. Vijana wengi wapendao milima hudhani kwamba kazi yao huko itakuwa kuongoza watalii. Ni kazi ya heshima, na Wakonzo wa Rwenzori wameifanya kwa ujuzi tangu Wazungu wa kwanza walipopanda. Wengine hudhani kwamba haitakwisha kamwe.

Tulimkumbusha binti mambo matatu. Hifadhi ya Rwenzori ilifungwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi, na kwa miaka hiyo waongozaji na wapagazi walirudi kwenye majembe yao. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, uwanja wa ndege wa Entebbe haukufunguliwa kwa wageni hadi Oktoba, na hoteli nyingi za porini zikabaki na walinzi tu. Na Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao Mganda waliuawa katika hifadhi ya Queen Elizabeth, na habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku moja.

Hapa ndugu wasomaji twataka mjione wenyewe. Askari asimamaye kwenye kizuizi cha barabara ya Kasese usiku wa mvua huenda akadhani kwamba analinda barabara tu. Analinda pia unga wa mpagazi, mshahara wa mpishi wa hoteli, na karo ya mtoto wa mwongozaji. Njia ikiwa salama mgeni huja; njia ikiingia shaka, mgeni huenda kwingine, na mwenyeji hana kwingine pa kwenda.

Kwa hiyo shauri letu kwa kijana ni hili: mlima uwe karibu nawe, lakini mkate wako usitoke kwa mgeni peke yake. Aliye na ualimu, uuguzi, ufundi wa umeme, kilimo au uhasibu ana mguu wa pili wa kusimamia. Wageni wakija, na apate faida. Wasipokuja, mtoto bado atasomeshwa, mgonjwa bado atatibiwa, na hesabu za chai bado zitaandikwa.

Panga kabla ya kununua

Sajini alikuwa amesikiliza kwa muda mrefu. Mwishowe aliweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, kiinua mgongo changu hakinunui kiwanja mwaka huu. Nitakupa kodi ya chumba ya miezi mitatu, na godoro. Ukipata kazi, kaa mwaka mzima, mvua na jua. Mwaka ukiisha, uniambie umeona nini. Hapo ndipo tutazungumza habari za kiwanja."

Binti alikubali. Hatukuona uso wa mtu aliyeshindwa, bali wa mtu aliyepewa amri aliyokuwa akiingoja.

Nasi twaona kwamba maneno ya mzee yule yawafaa vijana wote. Aliyepanga chumba akiona kosa hupoteza kodi ya mwezi. Aliyenunua akiona kosa hupoteza jasho la miaka. Katika mwaka huo wa kwanza kijana ajifunze lugha ya wenyeji, asalimie watu, ahudhurie mazishi na mikutano ya kijiji. Ataambiwa ni kisima kipi hukauka, ni mteremko upi hutoa ufa, na ni kiwanja kipi kina kesi mahakamani. Habari hizo hazimo katika ramani, na hauziwi mtu asiyewajua jirani zake. Aweke na akiba ya nauli ya kurudi nyumbani, si kwa kuwa atashindwa, bali kwa kuwa kikosi chema hakiendi mbele bila kujua njia ya kurudi.

Tuandikapo haya, binti yule amepanga chumba Fort Portal, na huandika hesabu katika kampuni moja ya chai. Baba yake alitueleza kwamba alikwenda kumtembelea akakuta koti lake la zamani la mvua, lile alilovaa zamu za usiku, limetundikwa mlangoni likiwa na matope ya mlimani. Alituambia hilo mara mbili, kana kwamba hatukusikia mara ya kwanza.

Lakini kuna jambo jingine alilotuambia, nalo twaona kwamba ndilo linalowahusu ninyi nyote, wakubwa kwa wadogo. Alisema kwamba kwa miaka thelathini hakuwahi kujiuliza angependa kukaa wapi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Sasa uhamisho wake wa mwisho unakaribia, na safari hii hakuna barua itakayomwambia aende wapi. Ameanza kuuliza maswali yale yale: maji yatoka wapi na yaenda wapi, mkate utapatikanaje, hospitali iko umbali gani, na jirani ni nani.

Siku hiyo itamfikia kila mmoja wenu, ndugu wasomaji. Msingoje ifike. Kila mnapotumwa, tazameni mahali kwa macho ya mtu ambaye huenda siku moja akaishi hapo kwa hiari yake. Waulizeni wazee juu ya mawe. Kisha, mtoto wenu akirudi kutoka chuoni na kusema kwamba moyo wake uko mlimani, mtakuwa na jambo la kumwambia lililo bora kuliko ndiyo au hapana.